Vikompyuta vya Bei Ndogo kwa Wanafunzi Wetu

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alitujia juzi kutaka shauri. Wazazi wa darasa lake wamechanga dola 150, ili watoto wajifunze kuandika programu za kuongoza vyombo. Wanafunzi ni 40; kompyuta za shule ni 3 tu, nazo ni kuukuu. Alituuliza: «Ninunue nini, fedha ya watu isipotee bure?» Swali hili si lake peke yake, kwa hiyo twalijibu hapa mbele ya wote.

Kwanza tufahamiane juu ya jambo lenyewe. Kompyuta si ile yenye kioo na vibonye tu. Ndani ya mashini ya kufulia, ndani ya gari, ndani ya mita ya umeme inayolipiwa kabla, na ndani ya chombo kinacholinda betri ya mtambo wa jua, mna kikompyuta kidogo kama ukucha. Kazi yake ni kupima, kuamua na kuamuru. Mtoto anayejifunza leo kukiongoza, kesho ataweza kutengeneza vyombo vya kwao, asingojee fundi wa mbali.

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Ndivyo ilivyo kwa mwenye majembe mengi. Lakini mwenye fedha ya jembe moja hana budi kutazama mpini na chuma kabla ya kulipa. Basi tutazame.

Kibao kinachojulikana zaidi ni Arduino. Kilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa sababu vyombo vya wakati ule vilikuwa ghali mno kwa wanafunzi. Aina yake iitwayo Uno ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32, na kilobaiti 2 tu za kazi. Ni kidogo, lakini zatosha kwa masomo ya kwanza, na vitabu vya kukieleza ni vingi. Uno halisi hupita dola 20. Michoro yake ni wazi kwa wote, kwa hiyo watengenezaji wengine huuza mifano yake kwa bei ndogo. Wengine hutumia chipu tofauti ya kuunganisha na kompyuta, na yafaa mwalimu aweke kwanza programu inayoitambua.

Cha pili ni Raspberry Pi Pico, kilichotoka Uingereza mwezi wa Januari 2021 kwa bei ya dola 4. Kina kilobaiti 264 za kazi, na chaweza kuongozwa kwa lugha ya C au kwa MicroPython, iliyo nyepesi kwa anayeanza. Hakihitaji chombo kingine cha kukitilia programu, ila waya wa USB tu. Tena, programu ikiisha kuingia, chaweza kufanya kazi kwa betri 3 ndogo za tochi, mbali na kompyuta.

Cha tatu ni ESP32, cha kampuni ya Espressif ya Shanghai, kilichotoka mwaka 2016. Chenyewe kina Wi-Fi na Bluetooth. Ni chombo chema, lakini twakiona kuwa cha mwaka wa pili: anayejifunza kuwasha taa asichanganyikiwe na mambo ya mtandao.

Shauri letu kwa mwalimu yule ni Pico. Nauli na faida ya mchuuzi zikiongezwa, tuseme kibao kimoja kitamfikia kwa dola 7. Vibao 12 ni dola 84: 10 kwa makundi ya wanafunzi 4 wanne, na 2 vya akiba. Zinabaki dola 66 za kununulia mbao za kuchomekea nyaya, taa ndogo za LED, vikinzani, betri, na kipima-umeme kimoja. Kompyuta 3 zitatosha kwa zamu: kundi moja latia programu yake, kisha laondoka na kibao chake na betri kwenda kupima na kujaribu, huku jingine likikaa mahali pake.

Lakini tahadhari tatu. Kwanza, anunue Pico ambacho miguu yake imekwisha kulehemiwa. Kile cha kawaida huja bila miguu, na shule isiyo na chuma cha kulehemu itakwama siku ya kwanza. Pili, miguu ya Pico hutumia volti 3.3, volti 5 ikiingia humo yaweza kukiua kibao. Na taa ya LED isiunganishwe kamwe bila kikinzani. Cha omu 330 kinafaa. Tatu, asivutwe na kila kilicho rahisi. Vibao vingine vya bluu vinavyouzwa kwa jina la STM32 vina chipu ya kuiga, na mwanafunzi hukesha akitafuta kosa katika programu yake, kumbe kosa limo katika chipu. Anunue kwanza kimoja, akijaribu, ndipo aagize vingine.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa shule. Msivifungie vibao hivi kabatini kwa kuogopa kuvunjika. Kitakachoungua mikononi mwa watoto kitakuwa kimewafundisha jambo. Kitakachokaa kabatini hakitamfundisha mtu. Na mwalimu aandike kila dola ilikokwenda, awasomee wazazi hesabu yake. Waliochanga kutoka mfukoni mtupu wana haki ya kuiona taa ile ya kwanza ikiwaka, na kuambiwa na watoto wao wenyewe kwa nini inawaka.