KENGELE YA MOTO NA NDUGU ZETU VIZIWI



Moto ukizuka kiwandani kengele hulia, nasi tunaosikia hukimbia. Ndugu yetu kiziwi aliye kwenye cherehani, mlango ameupa mgongo, ataambiwa na nani? Na aliye chooni peke yake je?

Kanuni za moto za 2007 zataka mazoezi ya kutoka kila mwaka. Lakini mahali pengi maelezo hutolewa kwa mdomo tu, naye hufuata wenziwe bila kujua sababu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kutumia lugha ya ishara.

Twataka mkalimani siku ya mazoezi, na taa za kuwaka na kuzima pamoja na kengele, hata chooni. (Kwa kelele za mashine zile, hata sisi twazihitaji!) Wajumbe wetu walipeleke neno hili kwa mwajiri katika mkutano ujao.