Bukavu: mafunzo ya kutibu mugongo kwa mikono, je, yatafikia wamama wabeba mizigo?

Asubuhi mapema, kuanzia Beach Muhanzi mpaka soko ya Kadutu, wamama wanapanda mlima na magunia ya makala, unga wa mihogo ao ndizi. Muzigo unakaa mugongoni, kamba inapita kwenye kipaji cha uso, kiuno kinakunjwa mbele. Kuna wanaobeba kilo zaidi ya 50, wengine wakiwa na mimba, wengine wametoka kuzaa juzi tu. Jioni malalamiko ni yale yale: mugongo wa chini unauma, nyonga zinauma, na mara nyingine mkojo unaponyoka wakati wa kunyanyua gunia.

Kwa wengi, dawa ni kidonge cha famasia ya jirani, sindano, ao kukandwa na maji moto. Maumivu yanatulia siku mbili tatu, kisha gunia linarudi mugongoni na maumivu nayo yanarudi. Ndiyo maana mafunzo ya kutibu kwa mikono, kazi ya wanganga wanaoitwa kinezi, ni jambo la kuangalia karibu.

OMS inashauri nini

Shida hii haiko Bukavu peke yake. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mugongo wa chini, na mwaka 2050 wanaweza kufika milioni 843. Mwezi wa 12 mwaka 2023, OMS ilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya mugongo yanayodumu. Inashauri kumuelimisha mgonjwa, mazoezi, na matibabu kadhaa ya mikono, kama vile kukanda na kusogeza viungo vya uti wa mgongo. Haishauri mikanda ya kiuno, kuvuta mugongo, wala dawa kali za jamii ya tramadoli.

Kwa hiyo kinachoshauriwa zaidi hakiombi mashini ya bei kali. Kinaomba mtu aliyefundishwa vizuri. Na hapo ndipo tatizo liko: OMS yenyewe inasema kwamba katika nchi nyingi maskini, wataalamu wa kurudisha nguvu za mwili hawafiki 10 kwa watu milioni moja.

Kugusa si kubahatisha

Kukanda kila mtu anaweza kujaribu. Lakini kinezi anaanza na maswali na kupima: maumivu yanatoka kwenye mugongo, kwenye maungio ya nyonga, ao kwenye misuli ya chini inayoshikilia kibofu na kizazi? Misuli hiyo ikilegea, mama anafundishwa kuikaza kidogo kidogo, kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuiachilia. Ikiwa imekazana sana, zoezi hilo hilo linaweza kuongeza maumivu. Hapo anafundishwa kupumua na kulegeza kwanza. Ni kosa dogo la mafunzo, lakini mama ndiye analilipa.

Kuna pia alama ambazo mikono haipaswi kugusa kabla ya daktari kuona: miguu kukosa nguvu, ganzi kwenye makalio, kushindwa kukojoa, homa, kukonda bila sababu, ao damu inayotoka bila mpango. Mugongo unaouma unaweza kuficha kifua kikuu cha mifupa. Maumivu ya nyonga yanaweza kuficha ugonjwa wa kizazi.

Ndiyo maana semina ya siku tatu yenye cheti mwishoni haitoshi. Inaweza kumusaidia kinezi aliyekwisha kusoma miaka kwenye chuo. Kwa infirmiye wa kituo cha afya, faida yake ni kujua alama za hatari, kufundisha mazoezi mepesi, na kutuma mgonjwa mahali panapofaa. Kumugeuza mtaalamu kwa siku tatu ni kumudanganya yeye na wagonjwa.

Ruhusa kwanza

Kivu ina jeraha lingine. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kutibu wamama waliobakwa na wenye fistula. Katika mazingira haya, mkono kwenye nyonga si kitu kidogo. Mafunzo yoyote yanapaswa kufundisha kueleza kabla ya kugusa, kuomba ruhusa kila hatua, kukubali mtu wa kumusindikiza mgonjwa, na kuacha mara moja mama akisema hapana. Wamama kufundishwa kazi hii ni lazima, juu ya wengi hawatajifunua mbele ya mwanaume.

Na gunia je?

Hata kinezi mzuri hashindi peke yake. Mama akitoka kwenye matibabu saa nne na saa tano akarudi chini ya kilo 50, kazi inaanza upya. Tena tangu mabenki yafunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa ni haba, na kumwambia apumzike ni kumwambia watoto walale njaa.

Kinachowezekana ni kugawa muzigo mara mbili, kutumia kitoroli pale njia inaruhusu, na wenye mali kukubali kupima kilo kabla ya kumpakiza mama mwenye mimba. Wanaopanga mafunzo nao wanapaswa kujibu maswali mawili: wanafunzi watafuatwa na nani baada ya cheti, na mama wa Kadutu atalipa franga ngapi ili aguswe na mikono hiyo?