Ukilala Garini, Bisha Hodi Kwanza

Mpenzi msomaji, siku hizi kuna familia za mjini ambazo zikienda matembezi hazitaki tena kulala hotelini. Gari hugeuzwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, mtungi wa maji, na watoto wakiimba njia nzima. Wengine wameona picha za wasafiri wa Mongolia wakiegesha popote nyikani, wakadhani hata huku kwetu mambo ni hayo hayo.

Hebu tupime. Mongolia ina watu wapatao milioni 3.5 tu, katika nchi inayoizidi Kenya kwa ukubwa zaidi ya mara mbili. Kenya, kwa hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47. Kando ya ziwa letu hakuna ardhi isiyo na mwenyewe, hata kama huoni ua.

Mimi nilijifunza hayo kwa hofu. Tulitoka Sondu siku ya soko, gari limejaa ndizi na maparachichi, tukapita Oyugis na kuteremka hadi upande wa Kendu Bay. Jua likichwea tukaona uwanja wa nyasi fupi ufuoni, safi kana kwamba umefyekwa kwa ajili yetu. Tukaegesha, tukawasha jiko. Hatukumwuliza mtu.

Giza lilipoingia, mzee mmoja mvuvi akaja mbio na tochi. "Wanangu, nani amewaonyesha hapa? Haya ni malisho ya viboko! Wakitoka majini, njia yao ndiyo hii." Watoto wetu wawili walikuwa nje wakiosha sahani. Tulikusanya vyombo mikono ikitetemeka. Mzee akatupeleka kwake, tukaegesha uani. Usiku tukawasikia wakikoroma kule kule tulikotoka.

Basi msomaji, ukipanga safari kama hii, fika kabla ya jua kutua, tafuta boma, bisha hodi na uombe ruhusa. Usiwaache watoto waoge ziwani, kwani kuna kichocho. Chandarua usikisahau.

Ukiendelea hadi Mbuga ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, utawaona korongo, wale swala wakubwa ambao porini nchini Kenya hawapatikani kwingine. Huko lala katika sehemu zilizotengwa kwa kambi, na ufunge madirisha kwa sababu ya mbung'o. Mvua ikinyesha, usilazimishe gari: udongo ule mweusi hunata, na waweza kukesha hapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule kando ya ziwa, aliyepona ni mgeni. Gari lako laweza kuwa na kitanda na jiko, lakini halijui viboko hupita wapi. Mwenyeji anajua. Mwulize.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.