Chai ya kupunguza mwili: Mzigo mwepesi wenye hatari nzito mpakani

KATIKA maduka ya vipodozi na dawa za asili mjini Jinja na Mbale, mteja hakosi kukuta chai ya kupunguza tumbo, vidonge vya kukata hamu ya chakula au kahawa ya kuyeyusha mafuta. Maboksi yanatofautiana rangi, lakini maneno ni yale yale: ni ya asili, haina madhara.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, bidhaa hii ina mvuto wake. Haiozi kama nyanya wala haivunjiki kama mayai, na katoni yake inaingia chini ya kiti cha matatu. Wateja nao wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya wanne nchini Uganda, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mgonjwa wa presha au kisukari akiambiwa apunguze mwili, chai ya sokoni inampa jibu la haraka.

Swali lisiloulizwa vya kutosha ni moja: ndani ya pakiti hizo mna nini?

Kisichoandikwa kwenye boksi

Hatari kubwa ya bidhaa hizi mara nyingi haitoki kwenye majani, bali kwenye dawa ya kiwandani iliyochanganywa humo kwa siri. Nchini Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia maonyo ya mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo kuanzia 2007 hadi 2016. Ulihesabu bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho huku zikiwa na dawa zilizofichwa. Kati ya hizo, 317 zilikuwa za kupunguza uzito, na 269 kati ya hizo 317 zilikutwa na sibutramini.

Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kukata hamu ya chakula. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti uliohusisha wagonjwa karibu 10,000 wenye umri mkubwa au maradhi ya moyo na kisukari kuonyesha kuwa inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Madaktari waliacha kuiandika, lakini watengenezaji wa vidonge vya "mitishamba" waliendelea kuinunua. Sababu ni rahisi: inafanya kazi. Mteja anakosa njaa, anapungua, anarudi kununua tena na kumleta jirani. Hajui kwamba presha yake inapanda kila anapomeza.

Mbinu hii si ngeni Uganda. Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) imewahi kutoa maonyo kuhusu dawa za mitishamba za nguvu za kiume zilizokutwa na sildenafili, dawa ya hospitali ambayo ni hatari kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Kilichofanyika kwenye nguvu za kiume kinaweza kufanyika kwenye unene.

Majani nayo yana nguvu

Hata pasipo kuchanganywa chochote, neno "asili" si cheti cha usalama. Chai nyingi za kupunguza mwili duniani hutumia sanamaki, jani ambalo wazee wa pwani wanalijua kama dawa ya kuharisha. Anayekunywa kila siku huona mizani ikishuka, lakini kinachotoka ni maji na choo, si mafuta. Akiacha, uzito unarudi. Akiendelea kwa wiki nyingi, mwili hupoteza potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango naye anaweza kushika mimba asiyoipanga, kwa kuwa kuharisha sana huitoa dawa kabla mwili haujaipokea.

Kisa kibaya zaidi kilitokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake waliokwenda kliniki moja ya Brussels kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umewekwa badala ya mwingine wenye jina linalofanana, na huo uliowekwa, aina ya aristolokia, ulikuwa sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Mwaka 2000, madaktari waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 39 waliotolewa figo na mirija ya mkojo, 18 walikutwa na saratani. Hayo yalitokea katika mji wenye hospitali na maabara nyingi.

Chai au dawa?

Hapa ndipo mfanyabiashara anapoingia. Boksi likiandikwa "chai" tu, ni chakula, na viwango vyake viko chini ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS). Likiahidi kutibu au kupunguza unene, linaingia kwenye eneo la dawa, na dawa za mitishamba zinasimamiwa na NDA. Bidhaa nyingi hujificha katikati: karatasi za mpakani zinasema chai, tangazo la WhatsApp linasema dawa.

Alama ya ubora nayo isichukuliwe kuwa imemaliza kila kitu. Chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, alama ya nchi moja mwanachama inatambuliwa na nyingine. Hilo limewasaidia wachuuzi wengi. Lakini alama hiyo ikiwa imetolewa kwa chai, haithibitishi ahadi ya kupunguza kilo.

Utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 pia una mipaka yake. Unahusu bidhaa zilizomo kwenye orodha na zinazotoka ndani ya Jumuiya. Vidonge vilivyotoka China au Dubai havigeuki kuwa vya Afrika Mashariki kwa sababu vimebadilishiwa boksi Nairobi au Kampala.

Nani anabeba hasara

Wachuuzi wana malalamiko ya haki. Mzigo ukikamatwa, anayepoteza mtaji ni mama mwenye katoni mbili Malaba au Busia, si mwagizaji mkubwa mwenye ghala. Tena, hakuna afisa wala muuzaji anayeweza kuiona sibutramini kwa macho, inahitaji maabara. Kumwachia mchuuzi peke yake mzigo wa kuchunguza ni kumwonea.

Hata hivyo, wafanyabiashara hawa wanajua kuliko wengine jinsi bidhaa moja inavyoweza kuharibia wote. Mnamo Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti ya usajili na vyeti, lakini malori yalikuwa yamekwama na bei za wakulima zimeyumba. Aliyekausha mahindi yake vizuri aliumia pamoja na aliyeyaanika vibaya.

Kwa hiyo tahadhari ni sehemu ya kulinda mtaji. Kabla ya kulipia, muuzaji anaweza kudai jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, risiti ya mwagizaji, na kuuliza ofisi ya NDA iwapo bidhaa imo kwenye orodha yake. Msambazaji anayekataa kutoa risiti ameshajibu. Mteja akisema moyo unamwenda mbio, kinywa kinakauka na usingizi umepotea, asiambiwe kwamba dawa "inafanya kazi". Aache kutumia, na aende hospitali na boksi lenyewe mkononi.

Kazi kubwa zaidi ni ya serikali. NDA, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na TMDA ya Tanzania zimekuwa katika mpango wa kuoanisha usimamizi wa dawa tangu 2012. Bidhaa inayopigwa marufuku Nairobi au Dar es Salaam inapaswa kujulikana siku hiyo hiyo Malaba na Busia, kwa Kiswahili, kwenye ubao ambao mchuuzi anaupita. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa ili mizigo ivuke haraka. Onyo la hatari nalo linastahili kuvuka kwa kasi hiyo hiyo, kabla katoni haijafika Mbale.