Uzee Hauulizi Kama Uliajiriwa

Kila Januari utasikia ushauri uleule: andika bajeti ya mwezi, tenga sehemu ya mshahara, weka akiba kabla ya kutumia. Ni ushauri mzuri sana kwa mtu anayelipwa tarehe 30. Lakini wateja wetu wengi hawana hiyo tarehe 30. Mtu wa bodaboda leo amepeleka nyumbani 900, jana ilinyesha akapata 350. Mama mboga anapokea malipo madogo madogo kwa till siku nzima, halafu alfajiri karibu yote yanarudi sokoni kununua sukuma na nyanya. Fundi wa mjengo analipwa Jumamosi, na kazi ikisimama anakaa nyumbani wiki tatu. Ukimwambia huyu aandike bajeti ya mwezi, unamwambia ahesabu pesa ambayo hajui kama itakuja.

Msimamo wetu ni kwamba anayepata kwa siku aweke kwa siku, na sehemu ya hiyo akiba iwe ya uzeeni tangu mwanzo. Isiwe "nikishamaliza karo". Karo haiishi jamani. Wa kwanza akimaliza sekondari, wa pili ndiyo anaanza.

Tunajua jibu linalokuja: watoto ndio pensheni. Hapo tunaomba kutofautiana, kwa heshima. Wazazi waliouza ng'ombe ili mtoto asome hawakukosea hesabu. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa akiba pekee waliyoweza kuiona na kuiamini. Shida ni kwamba hesabu yenyewe imebadilika. Kijana anamaliza chuo, anatafuta kazi miaka miwili, akiipata ni ya 30,000. Analipa nyumba, anatuma 5,000 kwa mama, analipia mdogo wake shule, na tarehe 20 ameanza kukopa kwa simu. Ya uzee wake mwenyewe hakuna. Maana yake ni kwamba naye atawategemea watoto wake, na hao wataanza maisha wakiwa na deni ambalo hawakulichukua. Wengi wetu kwa hii timu tuna miaka ishirini na kitu na tunatuma pesa nyumbani. Tutaendelea kutuma, hilo halina mjadala. Ila kuna mtu lazima aanze kuukata huu mnyororo, na anaweza kuukata bila kumnyima mzazi wake kitu.

Tupige hesabu kidogo. Chukua 50 bob kwa siku. Kwa mwaka ni 18,250. Kwa miaka 30 ni 547,500 hata bila riba. Ikikua kwa asilimia 8 kila mwaka, inapita milioni mbili. (Hiyo 8 ni ya mfano tu, na milioni mbili ya wakati huo haitanunua kile inachonunua leo. Bei ya unga tunaijua sote.) Sasa chukua mtu yuleyule, 50 bob ileile, ila aanze akiwa amechelewa miaka kumi. Anaishia na laki nane na kitu. Miaka kumi ya "nitaanza" imekula zaidi ya nusu, ingawa kwa mfuko alichookoa ni 182,500 tu.

Aiweke wapi basi? Mwajiriwa hukatwa asilimia 6 ya NSSF na mwajiri anamwongezea asilimia 6 nyingine, hadi kiwango kilichowekwa kisheria. Wewe uliyejiajiri unaweza kujisajili pia, lakini hakuna wa kukuongezea, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanza mapema. Tangu 2011 kuna pia Mbao Pension Plan, uliotengenezewa watu wa jua kali. Jina lake linatoka kwa mbao, ile shilingi 20 ya mtaani, na tunalipenda kwa sababu aliyelichagua alielewa soko. Mpango wowote mwingine ukiletewa, uliza kwanza kama umesajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, yaani RBA. Akikuzungusha, usimpe hata mbao.

Na chama je? Tunakipenda. Lakini chama cha mzunguko ukishapokea zamu yako umerudi mwanzo. Ni kizuri kwa sufuria, godoro na stoki ya duka. Sacco nayo inasaidia kwa karo na kiwanja, kwa kuwa unaweza kukopa ukitegemea akiba yako. Pesa ya uzee inataka mahali pagumu kufikia, na wengi hulalamikia hilo hasa: "itafungwa". Ndiyo, ifungwe. Pesa iliyo kwa simu tunajua inavyoisha, kwa sababu inapita kwetu.

Mtu anaweza kutuuliza, nyinyi mnapata ada pesa ikitembea, mbona mnatuambia tuifunge? Swali halali. Mteja wa miaka 65 asiye na kitu hatumi wala hanunui, kwa hivyo hata kibiashara hatupotezi.

Kitu cha kufanya leo ni kidogo tu. Kama umewahi kukopa Hustler Fund, ambayo ilianza Novemba 2022, huenda una pensheni bila kujua. Kila mkopo hukatwa asilimia 5 ya akiba, na asilimia 70 ya hiyo huenda kwa akiba ya muda mrefu. Ukikopa 1,000, unapokea 950. Ile 50 inagawanywa, 35 ya uzeeni na 15 ya muda mfupi. Piga *254# uangalie akiba yako imefika ngapi. Piga mwenyewe, kwa simu yako, na PIN usimtajie mtu.