Butembo: Seva ya nyumbani haipimwi kwa ukubwa wa sanduku

Katika nyumba moja ya Butembo, mabishano yamechukua karibu wiki nzima. Jamaa wamekusanya feza kidogo kidogo ili wanunue kompyuta moja ya kukaa nyumbani kama seva. Kazi yake inajulikana: kutunza nakala za diploma za Serkali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karti za wachaguzi na karatasi za mashamba, kuweka masomo ya watoto, na kumpa kijana wa nyumba, fundi wa kompyuta, mahali pa kujifunzia. Nyumba hiyo inapokea jamaa waliokimbia upande wa Kanyabayonga na Kirumba mwaka 2024. Wengine walifika na nguo za mwilini tu. Diploma zilibaki ndani ya sanduku, na sanduku lilibaki kule.

Muuzaji wa vifaa vya mtumba amewaonyesha seva kubwa ya chuma yenye prosesa mbili za Xeon E5-2670. Kijana amefurahi sana. «Baba mdogo, hii iko na viini kumi na sita!» Mzee amejibu kwa swali moja: «Na inakula moto kiasi gani, mwanangu?»

Swali la mzee ndilo lililopaswa kuja la kwanza. Xeon E5-2670 ilitoka mwaka 2012, na kila moja imeandikiwa wati 115 ikifanya kazi kwa nguvu. Hapo feni, memori na diski hazijahesabiwa. Seva ya namna hiyo, hata ikikaa bila kazi, mara nyingi inakula wati 100 na zaidi. Ikila 120, kwa saa 24 inamaliza karibu kilowati-saa 2.9. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na fundi yeyote wa sola atasema isishushwe chini ya nusu kama mtu anataka idumu. Zinabaki 600. Seva kubwa inazimaliza kwa saa 5, tena bila kuhesabu moto unaopotea katika kifaa kinachougeuza uwe volti 220.

Kompyuta ndogo ya ofisi, ile inayolingana na kitabu kinene, yenye prosesa ya Core i5-6500T, ikitulia inakula kama wati 15. Betri ileile inaibeba karibu saa 40 kwa hesabu ya karatasi, na zaidi ya siku moja hata baada ya hasara. Herufi T mwishoni mwa jina si pambo. Kwa Intel inaonyesha prosesa ya mezani iliyopunguziwa moto: i5-6500T imeandikiwa wati 35, wakati i5-6500 isiyo na T imeandikiwa 65.

Lakini kijana naye ana haki ya kuuliza kama hiyo ndogo itaweza kazi. Anataka kugawanya kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa: moja ya karatasi za familia, moja ya masomo, moja ya kujaribia mambo yake bila kuharibu za wengine. Kwa hiyo prosesa inahitaji uwezo ambao Intel inauita VT-x na AMD inauita AMD-V. Baadhi ya Core 2 Duo za zamani hazina, na muuzaji hatasema. Njia ya kujua ni kuwasha mashini palepale dukani. Kwenye Linux, neno vmx likionekana ndani ya /proc/cpuinfo, ni Intel yenye uwezo huo. Kwa AMD neno ni svm. Kompyuta nyingi zinauzwa uwezo huo ukiwa umezimwa katika BIOS, basi mtu asikatae mashini nzuri kabla ya kuangalia huko.

Viini vinne vinatosha kwa nyumba kama hiyo. Mashini ya karatasi inalala karibu siku nzima, na viini vinaazimana kazi kwa urahisi. Memori haiazimani hivyo. Kila mashini ya ndani ikipewa GB 4, tatu zinakula 12, na mashini mama nayo inataka yake. Ndiyo maana ni afadhali i5 yenye GB 16 kuliko i7 yenye GB 8. Anayepata i7-6700T ao Ryzen 5 PRO 2400GE kwa bei ileile achukue. Zote mbili zina viini vinne, nyuzi nane, na wati 35. Intel N100 ya mwaka 2023 ni nzuri zaidi kwa moto, imeandikiwa wati 6, ila Intel yenyewe inaiwekea mpaka wa GB 16 za memori.

Kuna jambo ambalo katika mabishano ya wiki nzima hakuna aliyeligusa, nalo ndilo zito kuliko yote. Diski yenye majina, picha za karti na mahali pa mashamba ya watu waliokimbia vita ni kitu cha hatari ikianguka katika mikono mibaya. Lazima ifungwe kwa siri, isomeke tu kwa neno la kufungulia. Kufunga huko kunaichosha prosesa, isipokuwa ile yenye AES-NI, uwezo uliowekwa kwa kazi hiyo hasa. Core i3-2100 na i3-3220, ambazo bado zinazunguka kwa wauza mtumba, zina VT-x lakini AES-NI hazina. Mtu atafunga diski, ataona mashini inakokota, kisha atafungua tena ili iende mbio. Siku hiyo karatasi za jamaa zake zimebaki wazi. i5-6500T inayo, Ryzen inayo, N100 inayo. Xeon ile kubwa pia inayo, haki isemwe.

Haki nyingine isemwe kwa Xeon: memori yake inasahihisha makosa yenyewe, na ukumbi wa mafunzo wenye umeme usiokatika na wanafunzi ishirini kwa mara moja ungeifurahia. Nyumba yenye betri moja si ukumbi huo. Bei ndogo ya muuzaji ni ya siku ya kwanza tu. Betri na paneli za kuilisha zitadai zaidi ya bei ya mashini yenyewe.

Halafu kuna uzito. Seva ile ya chuma ni mzigo wa watu wawili. Ile ndogo haifiki kilo mbili, inaingia katika mfuko wa shule. Kwa watu ambao wamekwisha kuhama mara mbili ao tatu, hilo si jambo la kucheka. Hata laptopu ya zamani yenye prosesa inayofaa isidharauliwe: ina skrini, ina klavye, na betri yake ndogo inaishikilia umeme unapokatika ghafla. Feza zitakazobaki ziende kwenye diski ya nje, nayo ifungwe kwa siri vilevile, ikae kwa jamaa mwingine, mtaa mwingine.

Kijana bado hajakubali kabisa. Amemwomba mzee wapite tena kwa muuzaji Jumamosi, safari hii na ufunguo wa USB wenye Linux, na kile kipima-wati cha jirani anayeuza sola.