Malalamiko Si Rufaa

Mwaka 1945 maelfu ya wananchi wa Upare waliteremka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru. Katika utawala ule chifu alikuwa mwenye amri ya kodi, naye pia ndiye aliyeketi barazani kuamua kesi. Aliyeonewa angemshtaki nani, na kwa nani?

Leo njia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili. Ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, hupokea malalamiko juu ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa, huwahusu mahakimu wa wilaya na mahakimu wakazi. Nidhamu yao iko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ama jaji, haondolewi ila kwa utaratibu wa Ibara ya 110A ya Katiba, ambapo Rais huunda tume ya kumchunguza.

Lakini wengi huandika kwa hasira ya kushindwa. Aliyeshindwa kesi yake kule Mamba hajadhulumiwa kwa sababu hiyo pekee. Dawa yake ni rufaa: kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya, ndani ya siku 30, kisha Mahakama Kuu, Moshi. Hakimu aliyedai rushwa, aliyefika kazini amelewa, au aliyeamua kesi ya shemeji yake, huyo ndiye wa kamati. Mlalamikaji aandike namba ya shauri, tarehe, tendo lenyewe na mashahidi. Matusi ayaache nyumbani.

Hata hivyo, ijapokuwa sisi ni watu wa Chama, kuna jambo hatuwezi kulinyamazia. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais, na mara nyingine Serikali yenyewe huwa mdaawa. Hakimu aliyeishinda Serikali asubuhi atakaaje mbele ya kamati hiyo jioni bila wasiwasi? Ibara ya 107B yataka mahakama huru. Ndugu zetu wa Visiwani wana Mahakama Kuu yao, nasi hukutana nao katika Mahakama ya Rufani. Lakini swali hili hata wao laweza kuwafikia.

Tunaomba basi Mkuu wa Wilaya ajitoe kila lalamiko linapotokana na shauri la Serikali. Na barua zipokelewe kwa siri katika ofisi za kata, maana mzee wa Chome anayemlalamikia hakimu leo, kesho huenda akasimama mbele yake tena.